Hina ya bibi harusi haikolei: kosa liko kwenye unga, mchanganyo au muda?

Bintimaua

Salaam wadau. Naomba wanaoijua kazi hii wanisaidie. Harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo, na bibi harusi anataka hina nyekundu ya asili, piko (ile rangi nyeusi ya kuchorea) hataki kuisikia. Majaribio mawili yametoa kitu kilekile: rangi ya chungwa iliyopauka, na siku ya tatu mgongo wa mkono hauna kitu. Viganjani imebaki kama mtu aliyeshika manjano.

Mchanganyo wenyewe: unga wa boksi gramu 100 (umeandikwa ni wa nywele), maji ya moto kikombe kimoja, ndimu moja, na vijiko viwili vya mafuta ya nazi ili ilainike. Inakaa saa moja, inatiwa kwenye koni, inachorwa. Ikishakauka, kama saa mbili hivi, inaoshwa kwa sabuni.

Halafu koni zinaziba kila baada ya maua mawili matatu, na mstari unakatika katikati. Kuna wanaosema nitie kahawa, wengine karafuu, wengine mafuta ya taa. Kipi kina ukweli?

Kijiti

Waalaikum salaam dada. Kahawa na mafuta ya taa weka pembeni kwanza, tuanze na saa moja. Hapo ndipo hina yako inapoharibikia.

Jani la mhina halina rangi nyekundu iliyo tayari. Rangi imefungwa ndani ya jani, na inafunguka polepole ukililowesha kwa kitu chenye uchachu kidogo. Kinachotoka kinaitwa lawsoni, ndiyo hiyo inayoshika kwenye ngozi. Hata unga mzuri una lawsoni kidogo tu, kiasi cha asilimia 1 hadi 2, kwa hiyo hakuna cha kupoteza. Baada ya saa moja hina yako bado mbichi, umechora kwa matope ya kijani. Maji ya moto nayo hayasaidii: yanaifungua kwa pupa na kuichosha mapema.

Mafuta ya nazi ni kosa la pili. Mafuta mazito yanakaa kati ya hina na ngozi, rangi haipenyi. Hina inataka mafuta ya kunukia, yale mepesi yanayoruka hewani: lavenda, mti wa chai, mkaratusi. Hayo ndiyo yanayoikoza rangi. Nazi itakuja kufanya kazi baadaye, si ndani ya mchanganyo.

Kwa unga gramu 100 fanya hivi:

Chekecha unga kwanza. Tia sukari gramu 30, changanya vikiwa vikavu. Mimina maji ya limau kidogokidogo huku unakoroga mpaka upate donge zito kama udongo wa kufinyangia, kama mililita 200. Tia mafuta ya kunukia mililita 30, koroga tena. Lalia plastiki juu yake igusane na hina yenyewe, pasiwe na hewa, kisha ilaze. Pakiwa na joto la nyuzi 25 hivi itahitaji kama saa 12. Kwenye joto la 35 inaweza kuiva kwa saa 5 au 6, kwa hiyo usiifuate saa peke yake.

Kujua imeiva: chukua tone, weka kiganjani dakika tano, futa. Ukiona chungwa kali linalong'aa, imeiva. Ukiona umanjano wa kubahatisha, funika, subiri. Juu ya bakuli nako patakuwa pamegeuka kahawia na ndani pakabaki kijani, hiyo ni dalili nzuri.

Ikishaiva ongeza maji ya limau kijiko kwa kijiko mpaka uwe uji mzito unaoanguka kwenye kijiko kama utepe, na alama yake ikae sekunde chache kabla ya kuzama. Jumla ya majimaji itafika karibu mililita 300 lakini kila unga una kiu yake, usimimine yote kwa mpigo.

Fundi Koni

Kijiti kasema vizuri, ila niguse unga, maana hata mchanganyo mzuri hauokoi unga mbovu.

Unga wa nywele husagwa kwa chenga na mara nyingi una vijiti vya jani na hata mchanga. Nywele hazijali, zinaoshwa. Kwenye ncha ya tundu la nusu milimita kila chenga ni kizibo. Huko ndiko koni zako zinakozibia. Tafuta unga ulioandikwa ni wa kuchorea mwili, uliochekechwa mara kadhaa, na ulizie umevunwa lini. Mwingi unatoka Rajasthan nchini India, hasa pande za Sojat, na mwingine Pakistani, Yemeni na Moroko. Nchi si hoja kubwa. Unga uliokaa rafu mwaka mzima kwenye jua umeshakufa, hata ukiwa umetoka kwenye shamba bora duniani.

Rangi ya unga isikudanganye. Kijani kinachong'aa kama rangi ya ukutani kinaweza kuwa kimetiwa rangi. Dondosha maji kwenye unga kidogo juu ya karatasi nyeupe: maji yakitoka kijani kikali papo hapo, mashaka. Unga halali huwa kijani cha jani kavu, wakati mwingine unaelekea ukahawia, na unanuka majani makavu. Ukinuka dawa ya nywele usiuguse.

Sasa koni. Hata unga laini uchuje ukishaloweka. Kata soksi ndefu ya nailoni, iliyo safi, ivalishe kwenye glasi ndefu, mimina hina ndani, funga mdomo, kisha vuta soksi juu huku unaikamua kwa vidole. Hina inapita, makapi yanabaki. Kazi ya dakika kumi na inachafua, lakini inamaliza kesi ya kuziba.

Mstari kukatika ni jambo jingine. Hina inayotoka na kukatika vipandevipande ina sukari kidogo, au ni nzito kupita kiasi. Inayotoka na kutanuka, mstari ukawa mnene kuliko ncha, ni nyepesi. Inayozungukwa na alama ya unyevu pembeni ya mstari ni maji mengi, au mafuta hayakukorogwa yakachanganyika. Inayovutika kama uzi mwembamba unaoangukia unapotaka wewe, hiyo ndiyo. Usikate ncha ya koni kwa mkasi kabla hujaijaribu, mara nyingi tundu la kukunja linatosha. Na shika koni kwa nyuma, kidole gumba ndicho kinachosukuma. Ukibana katikati hina inarudi juu na kufungua mkunjo.

Gramu 100 ni nyingi kwa mtu mmoja, halafu. Zinatoa karibu koni 16 za gramu 25. Bibi harusi wa mikono mpaka kiwikoni na miguu mpaka juu ya kifundo anamaliza koni nne hadi sita, kutegemea maua yamebanana vipi. Changanya gramu 50.

Chekecheke

Samahani Kijiti, hapo kwenye limau tupu napinga kidogo. Mililita 300 za limau kwenye ngozi kwa usiku mzima, wapo wanaowashwa na kukauka mpaka ngozi inachanika. Nusu limau nusu maji inatoa rangi ileile, kinachohitajika ni uchachu kidogo tu. Na bora limau kuliko ndimu. Ndimu mbichi ikibaki kwenye ngozi kisha ikapigwa na jua inaweza kuunguza, unapata malengelenge na mabaka meusi ya wiki kadhaa. Watu wanaigombeza hina kumbe ni ndimu na jua.

Sukari nayo si gramu 30 kila mahali. Pakiwa na unyevunyevu mwingi hewani, sukari inavuta maji, hina haikauki, maua yanateleza na kuungana. Shusha mpaka gramu 20, hata 15. Pakiwa pakavu panda mpaka 35, la sivyo inapasuka na kudondoka kabla ya saa mbili.

Kijiti

Nakubali kwa ngozi laini. Mafuta nayo kwa mtu kama huyo punguza mpaka mililita 15, uchague lavenda. Mafuta ya karafuu yanakoza kwelikweli lakini yanachoma, usiyatie kabisa kama hujui ngozi ya mwenyewe.

Bintimaua

Nimeelewa, ahsanteni sana. Naona nilikuwa nachora kwa tope kweli. Sasa ikishachorwa? Bibi harusi anauliza kama lazima alale nayo, na kama achorwe Ijumaa ili iwe mbichi siku ya shughuli.

Mama Ukili

Ijumaa ni kuchelewa, shoga. Hina iliyobanduliwa leo ni chungwa, na hakuna fundi wa kubadili hilo. Lawsoni ikishashika ngozi inaendelea kugeuka kwa hewa: siku ya kwanza chungwa, siku ya pili rangi ya tofali, na kwenye saa 48 ndipo inafika wekundu wa kahawia uliokolea. Kwa hiyo unahesabu kurudi nyuma. Harusi Jumamosi: changanya Jumanne saa tatu usiku, Jumatano asubuhi jaribu kiganjani, chuja, jaza koni. Chora Jumatano alasiri mpaka jioni. Alale nayo. Abandue Alhamisi asubuhi. Jumamosi inakuwa kileleni.

Nywele za mikono na miguu zitolewe kabla, Jumanne. Ukitoa kwa nta baada ya hina unang'oa ngozi ya juu, na rangi ndiko ilikokaa. Kusugua miguu kwa jiwe vilevile, kabla. Jumatano anawe kwa sabuni, akauke, asipake losheni wala mafuta wala unga wa mwili. Losheni ya asubuhi tu inatosha kuifanya hina ikatae mabakamabaka, unaona ua limekoza nusu.

Kuilalia ndiyo. Saa mbili hazitoshi, na kosa ni kudhani hina ikikauka imemaliza kazi. Inatoa rangi muda wote ikiwa na unyevu na joto, saa 6 hadi 8 ndiyo raha yake. Ikianza kukauka juu, igongegonge kwa pamba iliyochovywa maji ya limau na sukari, vijiko viwili vya limau kwa kimoja cha sukari. Gonga, usifute. Na usiloweshe: ikianza kumetameta na kuchuruzika umezidisha, mistari itamwaga. Mara mbili tatu zinatosha. Akiwa hivyo asikae juani, kwa sababu alizotaja Chekecheke.

Halafu tandaza karatasi laini za chooni juu ya maua, zungushia bandeji nyepesi au plasta ya karatasi, valisha soksi safi hata mikononi. Plastiki tupu usitumie, jasho linakusanyika na hina inageuka supu.

Asubuhi asioshe! Akwangue kwa kisu butu au ukingo wa kadi, kilichogoma kilainishwe na mafuta ya nazi (haya hapa sasa, mahali pake) kisha kifutwe. Maji yasiguse kwa saa 12, zikifika 24 bora zaidi. Akitaka kuoga siku ya pili apake mafuta kwanza. Sabuni ya vyombo, maji ya bwawa lenye klorini, maji ya chumvi na kusugua ni maadui wanne wa hina, na kuosha vyombo ni adui mkubwa kuliko wote.

Bintimaua

Na ule moshi wa karafuu? Halafu mbona mgongo wa mkono haukolei hata kwa wenzangu wanaojua?

Mama Ukili

Moshi wa karafuu sehemu kubwa ya kazi yake ni joto. Mikono baridi haikolei, mikono ya moto inakolea. Kikaango chenye karafuu, mikono ikae juu mbali, isipate mvuke wa kuilowesha. Ukiwa na pa kupashia mikono bila moshi ni sawasawa.

Mgongo wa mkono ni ngozi yenyewe. Rangi inakaa kwenye ile ngozi kavu ya juu, na ngozi hiyo ni nene viganjani na nyayoni, nyembamba mgongoni mwa mkono, nyembamba zaidi mkononi kwa juu na begani. Kiganja kitafika wekundu mzito na mgongo wa mkono kahawia ya kati, kwa hina hiyohiyo, saa zilezile. Fundi mwerevu anapanga mchoro kwa kulijua hili: kiganja kinavumilia mistari myembamba kama nywele na nafasi kubwa, mgongo wa mkono unataka mistari minene kidogo na maeneo yaliyojazwa. Wanaojaza ncha za vidole mpaka kwenye kucha hawakosei, pale ndipo panapokoza kuliko popote. Ila kucha ikishashika haifutiki mpaka ikue ikatwe, muulize kwanza.

Na kwa kuwa inaisha ngozi inapojivua, usitegemee zaidi ya wiki moja hadi tatu. Vidole vinaanza, nyayo zinamaliza.

Rangi Tatu

Mnajisumbua bure wapendwa. Ziko koni za tayari, nyeusi tititi, nusu saa tu umemaliza, wala hakuna kulala na soksi mikononi. Wengi siku hizi ndizo wanazotumia. Au achanganye hina na piko kidogo, anapata wekundu mweusi.

Mfamasia wa Zamu

Bintimaua, huo ushauri wa mwisho usiufuate, na sababu si ushamba.

Hina haina weusi. Hata iliyokoza kuliko zote ni kahawia yenye wekundu, na haifiki hapo kwa nusu saa. Koni yoyote inayotoa weusi kwa muda huo inafanya kazi kwa kitu kingine, na mara nyingi kitu hicho ni parafenilenidiamini, PPD kwa kifupi, kemikali ileile ya rangi nyeusi za nywele. Piko ya unga ndiyo hiyo. Umoja wa Ulaya unairuhusu kwenye rangi za nywele isizidi asilimia 2 ikishachanganywa, na kwenye ngozi hairuhusiwi. Marekani pia hairuhusiwi kwenye ngozi. Kwenye rangi za kuchorea mwili maabara zimewahi kukuta zaidi ya asilimia 15, na hiyo haipakwi na kusuuzwa kama kwenye nywele, inaachwa ikauke juu ya ngozi.

Linalowachanganya watu ni kwamba mara ya kwanza mara nyingi halitokei lolote. Mwili unajifunza kuikataa kimyakimya. Kwa mwingine mambo yanaanza baada ya wiki moja au mbili, kwa aliyekwisha kujifunza siku moja mpaka tatu zinatosha: inawasha, inavimba, inapanda malengelenge yenye umbo la ua lilelile, mstari kwa mstari. Yakipona yanaweza kuacha kovu au baka la mchoro mzima. Na mzio huo haumtoki mtu. Baadaye rangi ya nywele inamvimbisha uso, na anaweza kukataliwa na baadhi ya dawa za ganzi za kupaka, rangi za nguo nyeusi, hata mpira mweusi. Mwaka 2006 chama cha Marekani cha madaktari wa mzio wa ngozi kiliiteua PPD kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka. Hiyo si tuzo ya kujivunia.

Kuchanganya na hina hakupunguzi chochote, kunaificha tu.

Koni nyekundu za dukani zinazokaa mwaka bila friji nazo ziangalie kwa jicho la pembeni. Hina halisi iliyoloweshwa ni kitu kinachokufa: ikishaiva ina siku moja au mbili kwenye joto la chumbani, siku nne tano kwenye friji. Ikivumilia mwaka kwenye rafu, kuna kilichotiwa kuishikilia, na kama boksi halisemi ni nini, iache. Mafuta ya taa na petroli ni walewale, yanaunguza ngozi na yanashika moto. Kahawa na chai hazidhuru, ila rangi yao haishiki ngozi. Ni mapambo ya maelekezo.

Aliyekwisha kupakwa nyeusi na anaanza kuwashwa: aoshe kwa maji mengi na sabuni, asipasue malengelenge, aende hospitali akiwa na boksi au koni yenyewe mkononi.

Rangi Tatu

Piko imepakwa miaka na miaka na watu wako hai.

Mfamasia wa Zamu

Wako hai, na baadhi yao hawawezi tena kupaka rangi nywele zao. Anayetaka weusi kwa lazima aulizie jagua, maji ya tunda la Genipa la Amerika ya Kusini, inatoa bluu nyeusi bila PPD. Nayo ijaribiwe kwanza kwenye kidoti kimoja, wapo inaowadhuru.

La mwisho na hili ni la hina safi, si piko. Wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, wasipakwe hata hina ya asili, wala watoto wachanga. Lawsoni inapenya kidogo mwilini na inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu zao, mtoto akapata ugonjwa wa manjano. Upungufu huo ni wa kawaida kwa watu wa asili ya maeneo ya malaria na wengi hawajijui. Wenye selimundu au upungufu mkubwa wa damu waulize daktari kwanza. Mkikaa kumchora bibi harusi msitie maua kichanga cha jirani kwa sababu koni imebaki.

Bintimaua

Hapo umenikamata, maana ndivyo inavyokuwaga. Basi ni gramu 50, limau nusu kwa nusu, lavenda 15, sukari 10 kwa sababu hewa ya huku ina maji, Jumanne usiku. Koni zitakazobaki nizitupe?

Fundi Koni

Lavenda 15 kwa gramu 50 ni kipimo cha juu. Kama ngozi yake ni laini weka 7 au 8. Jaribio fanya wikiendi hii, kidoti kiganjani na kingine mgongoni mwa mkono, saa 6, uone cha siku ya pili.

Zilizobaki usitupe. Zifungie kwenye mfuko usiopitisha hewa, weka kwenye friza siku hiyohiyo hina ilipoiva, kabla haijachoka. Zinakaa miezi kadhaa. Kuyeyusha toa koni moja, iache mezani kama saa moja, usiiweke kwenye maji ya moto, kisha ikande kwa vidole kabla ya kuchora kwa sababu maji hujitenga. Ikishayeyuka imalize siku hiyo.